Ukunga Hupigwa

Jalada lilikuwa na kurasa kumi na moja. Kosa lilikaa ukurasa wa nne, mstari wa tisa, limetulia kama nge chini ya mkeka.

Inspekta Ashatu Pazi aliupita mstari ule mara mbili bila kuuona. Mara ya tatu aliusimamishia ncha ya kalamu, akausoma kwa sauti.

"'Alasiri hiyo, nyumbani kwa Bi Adila, kulikuwa kunafanyika ukunga.'"

Konstebo Adamu, upande wa pili wa meza, alimeza karanga alizokuwa akitafuna. "Hapo hapo, afande. Hilo ndilo neno lililotufikisha kwa mkunga."

Ashatu alirudisha kurasa hadi mwanzo. Alikuwa amerudi kutoka likizo kwao Kiwangwa asubuhi ile ile, na mambo ya siku nne yalikuwa yamemtangulia. Jumatatu alasiri, Shadya, mke wa Najim, msichana wa miaka kumi na tisa, mjamzito, alikutwa amekufa ndani ya ua wa mama mkwe wake, Bi Adila, mtaa wa Dunda. Jumanne alizikwa. Jumanne hiyo hiyo akakamatwa Bi Tatu, mkunga wa jadi, kwa madai kwamba aliitoa ile mimba akamuua na mwenye mimba. Watu wakaenda kwake wakampigia mlango mawe, wakamwaga dawa zake mtaroni, wakamchinjia kuku wake mmoja mmoja na kuwaacha pale pale kizingitini. Jumatano akakamatwa Najim mwenyewe, kwamba huenda ndiye aliyemtuma mkunga. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Saa nane gari linaondoka kwenda mahakamani," Mkuu wa Upelelezi, Afande Muzammil, alikuwa amemwambia mlangoni. "Kesi ya mauaji haina dhamana. Kama una la kusema, sema kabla ya saa nane. Sasa hivi ni saa nne."

Bi Tatu alikuwa na miaka sitini na minane na kifua kibovu. Akiingia mahabusu leo, atatoka amebebwa.

"Nipe kitabu chako," Ashatu alisema.

"Kitabu gani?"

"Ulichoandikia mbele ya shahidi kabla hujachapa hii."

Adamu alikitoa mfukoni, kimekunjika, kina alama ya mafuta ya chipsi. Ashatu alifungua hadi Jumanne. Mwandiko ulikuwa wa haraka, lakini neno moja lilikuwa limekatwa kwa mstari na juu yake limeandikwa jingine. Aliinua karatasi dirishani, mwanga ukapenya. Chini ya mstari palisomeka: *ukapigwa*.

"Hapa uliandika 'ukapigwa ukunga'. Kisha ukakata, ukaandika 'kulikuwa kunafanyika'. Kwa nini?"

"Ah, afande, yule bibi ni mzee sana. Ukunga ni kazi ya mkunga. Kazi haipigwi, inafanyika. Nikaona amekosea, nikamsahihishia."

"Ukamsahihishia."

"Ndiyo, afande. Nilipata B ya Kiswahili."

"Kwenu wapi, Adamu?"

"Kahama."

Ashatu alisimama, akachukua kofia yake. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sikiliza, mwenye B. Mwanamke wa pwani akiona kifo kinamjia, hupaza sauti moja nyembamba, ndefu, inayotoboa kuta. Anaita watu. Hiyo inaitwa ukunga, na hupigwa. Shahidi wako, Bi Sihaba, alikwambia alisikia mtu anaomba msaada, wewe ukaandika alisikia mtu anazalishwa. Afande Muzammil ni mtu wa Pangani, neno hilo analijua tangu tumboni, lakini yeye alisoma ulichochapa wewe. Kwa kalamu yako umemlaza mwanamke mzee kwenye saruji siku mbili."

Karanga zilibaki mezani.

* * *

Bi Sihaba alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya dirisha lake, kuta mbili tu kutoka ua wa Bi Adila. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe tangu miaka minane. Alikuwa anasuka ukili, na vidole havikusimama walipoingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenye buti ndiye yule mtoto wa bara?"

"Ndiye."

"Alinifundisha Kiswahili, huyo. Kaa chini, mwalimu, usinizibie upepo."

Adamu alikaa.

"Bibi, nataka unipangie ulichokisikia Jumatatu," Ashatu alisema. "Moja baada ya moja. Usirukie."

"Kwanza ukunga. Adhana ya alasiri ilikuwa bado. Ukapigwa mmoja, mrefu, umenyooka kwenda juu kama uzi. Ukapigwa wa pili, ukakatika katikati, kama mtu aliyetiwa nguo kinywani."

"Si yowe?"

"Nimesema ukunga. Yowe hata mlevi hupiga. Mwizi hupigiwa yowe, mpira ukiingia golini watu hupiga yowe. Ukunga hauna kazi nyingine. Ukiusikia unatupa mwiko, unaacha chungu kiungue, unakimbia."

"Mtaa huu una nyumba kumi na mbili. Nani alikimbia?"

Vidole vya Bi Sihaba vilipunguza mwendo. "Hakuna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kikaja kigelegele."

Adamu alinyanyua kichwa. Ashatu alimkazia jicho asiulize.

"Papo hapo," kikongwe aliendelea. "Juu ya ule ukunga wa pili, kabla haujaisha. Ukunga hauna ulimi ndani yake, ni pumzi tupu. Kigelegele kina ulimi, unacheza. Mtu akivika sauti moja juu ya nyingine, masikio yanashika cha furaha. Mtaa ukasema, kumbe ni heri. Mwali kachezwa, au mtu kaposwa, wanawake wanataniana."

"Kilikuwa cha Bi Adila?"

"Hapana. Cha Adila nakijua, nimekiitikia harusi arobaini. Cha Adila kimeshikana. Hiki kilikuwa na mbinja ndani."

"Mbinja?" Adamu alishindwa kujizuia.

"Mluzi, mwalimu. Kwenu mnaita mluzi. Kila ulimi ulipopiga, kimluzi chembamba kikachuruzika pembeni, *fyii, fyii*. Kigelegele cha mtu mwenye pengo. Nikadhani wana mgeni."

Ashatu aliandika neno moja tu. "Na baada ya hapo?"

Bi Sihaba aliuweka ukili chini. "Unyende."

"Eleza, aandike sawa sawa safari hii."

"Ni kilio kidogo, cha juu, kisicho na nguvu. Kama cha mtoto wa paka uliyemfungia stoo. Kikaja, kikakaa kimya, kikaja. Nikasema ni paka. Kikaendelea mpaka adhana. Baada ya adhana hakikuja tena."

Alipindapinda ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaipinda tena. Ashatu aliona kuna kitu kimebaki kinywani mwa yule kikongwe. Akatazama saa. Ilikuwa saa tano na robo. Hakuuliza.

Nje, Adamu alisema taratibu, "Afande. Bi Tatu ana pengo. Meno ya mbele hana."

"Najua."

"Kwa hiyo nilikosea neno lakini mtu ndiye."

"Nyamaza, uendeshe gari."

* * *

Chumba cha mahabusu cha wanawake kilinuka mkojo na dawa ya chooni. Bi Tatu alikuwa ameegemea ukuta, khanga yake imekauka matope ya Jumanne. Wenzake wawili, waliokamatwa na gongo, walikuwa wamemwachia kona.

"Ashatu," alisema, akajaribu kuinuka. "Alhamdulillahi, umekuja. Mwanao wa pili hajambo? Yule niliyemtoa miguu mbele?"

"Hajambo. Bi Tatu, piga kigelegele."

Mkunga alimtazama. "Unasemaje?"

"Piga kigelegele."

"Mwanangu, umepagawa? Siku mbili sijala kitu kikakaa tumboni. Wamenichinjia kuku. Nishangilie nini?"

"Usishangilie. Piga tu."

Wale wawili wa gongo wakacheka. "Piga, bibi, afande ana harusi!" mmoja alisema.

Bi Tatu alilowesha midomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye kikohozi. Machozi yakamshuka. Adamu akageuza uso kwenye korido.

"Tena," Ashatu alisema. "Kwa nguvu. Kama siku niliyojifungua."

Kikongwe alifumba macho, akainua kidevu, akapiga. Kigelegele kilijaa chumba, kipana, kizito, kimechoka, kikagonga dari na kufa. Ashatu alikuwa ameinamisha sikio karibu na kinywa chake.

"Fungua mdomo."

Bi Tatu aliufungua. Meno manne ya juu, ya mbele, yote hayakuwepo. Ufizi ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Adamu. Umesikia mbinja?"

Konstebo alifikiri, ulimi wake ukigusa nyuma ya meno yake mwenyewe. "Hapana, afande. Hewa inatoka yote kwa pamoja."

"Huyu ana mlango wazi. Mlango wazi hauvumi. Kinachovuma ni ufa. Tunamtafuta mtu mwenye ufa." Alichuchumaa. "Mara ya mwisho ulifika lini kwa Bi Adila?"

"Jumamosi, kumkanda Shadya mgongo. Chupa yangu ya mafuta nikaisahau, ndiyo hiyo wanayosema ushahidi. Jumatatu nilikuwa nyumbani, nimelala. Nani ataniamini?"

"Mkwewe alikuwepo?"

"Alikuwepo. Aliniuliza mimba ina muda gani. Nikamwambia binti yumo mwezi wa tano. Akaanza kuhesabu vidole. Nikamwona uso umembadilika, nikadhani ni furaha."

Ashatu alifungua jalada, ripoti ya daktari. Kuvuja damu tumboni. Mbavu mbili za kushoto zimevunjika kwa kitu butu, kizito. Mimba ya wiki kumi na nane, kiumbe cha kiume.

"Mkunga havunji mbavu," alisema kama anayejisomea. "Bi Tatu, Najim alirudi lini kutoka Pangani?"

"Alikaa huko miezi sita akiunda boti. Karudi miezi minne na siku kidogo. Kwa nini?"

Ashatu alifunga jalada. Alitoka bila kuaga. Nyuma yake mmoja wa wale wawili alijaribu kigelegele kwa mzaha, mwenziwe akamwambia anyamaze.

* * *

Saa saba kasoro robo, nyumbani kwa Bi Adila, hitima ya Shadya ilikuwa imefika katikati. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake uani juu ya mikeka, misahafu mapajani. Kwenye mafiga sufuria kubwa ya ubwabwa ilikuwa inatokota, na Ummy, dada yake Najim, alikuwa ameinama na mwiko, jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu.

Ashatu aliingia peke yake, amefunika kichwa kwa mtandio. Aliketi karibu na Bi Adila, mwanamke mnene, mzuri bado, mwenye hina iliyopauka miguuni.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, tumeshapoa. Sisi sote safari yetu hiyo."

Ashatu alisikiliza maneno yale baada ya kusemwa. *Sisi. Sote. Safari.* Katika kila "s" kulikuwa na kimluzi, chembamba kama sindano. Bi Adila alipandisha ncha ya khanga, akafunika midomo.

"Meno yamekukaa vizuri, mama. Mashallah."

"Haya? Yananitesa. Najim kanipeleka Dar mwezi uliopita, wakanitia mawili ya mbele. Yanacheza. Nikisema tu, yananisuta."

Kwa hiyo Bi Sihaba hakuwa amekosea. Kigelegele alichokijua kwa harusi arobaini kilikuwa cha meno ya zamani.

Ashatu alizungusha macho uani. Kando ya jiko kulikuwa na kinu kikuukuu, cheusi, kimelambwa na miaka. Ndani yake umesimama mchi mweupe, mpya, bado una harufu ya mti. Mchi ulikuwa mwembamba mno kwa kinu kile.

"Mchi wenu mpya."

"Wa zamani uliliwa na mchwa."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Bi Adila alimtazama. "Umekuja kuhani, mwanangu, au kununua mchi?"

Mwanamke mmoja kwenye mkeka alicheka kwa pua, akarudi kwenye sura yake.

"Nimekuja na habari ya Najim," Ashatu alisema.

Mkono wa Bi Adila uliokuwa unachezea tasbihi ulisimama. Najim ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Tangu Jumatano mama huyo alikuwa amekwenda kituoni mara tano, amelala kwenye ngazi, amemwambia kila aliyevaa sare: mkunga tu, mwanangu hajui kitu.

Ashatu alipaza sauti ili kila aliyekuwa uani asikie. "Bi Tatu amekiri. Amesema alikuwa peke yake. Najim ameachiwa. Nimemleta na bajaji, yuko hapo nje ya mlango."

Halikuwa na chembe ya ukweli neno lile. Ashatu alilisema akimtazama mama yule machoni, bila kupepesa.

Bi Adila hakufikiri. Mama hafikiri katika hali ile. Alitupa khanga, kichwa kikaenda nyuma, ulimi ukatangulia akili, na kigelegele kikamtoka katikati ya hitima, kirefu, kikali, kimepanda mpaka kwenye paa la jirani. Na ndani yake, kila ulimi ulipopiga, wanawake wote walisikia kitu kinavuja pembeni. *Fyii. Fyii. Fyii.*

Misahafu ilinyamaza. Msomaji mmoja alibaki na kidole juu ya aya.

Mlango wa uani ulifunguka. Bi Adila alisimama, mikono mbele kumpokea mwanawe.

Aliyeingia alikuwa Konstebo Adamu, amembeba Bi Sihaba mikononi kama gunia la pamba. Macho meupe ya kikongwe yaligeuka kuelekea ile sauti ilikotoka.

"Ndicho," alisema Bi Sihaba. "Cha Jumatatu ni hicho hicho. Kumbe ni wewe, Adila."

"Najim yuko wapi?" Bi Adila aliuliza.

"Yuko ndani bado," Ashatu alisema. "Kaa chini."

"Yuko wapi mwanangu? Umesema..."

"Nimesema uongo. Kaa chini."

Bi Adila hakukaa. Alitazama nyuso kwenye mikeka, moja baada ya nyingine, na alipoongea sauti yake ilikuwa imara. "Kigelegele. Mmenijia na kigelegele. Nani alifungwa kwa kigelegele? Nendeni mkamwambie hakimu nilishangilia, tuone atawapa nini."

"Hatakupa kitu," Ashatu alikubali. Alimgeukia yule kwenye mafiga. "Ummy. Mchi wa zamani uko wapi?"

 Macho ya Ummy yalishuka. Yalishuka kwenye moto, yakakaa hapo muda mfupi kuliko pumzi moja, yakaruka.

Hiyo ilitosha. Ashatu alivuka mikeka, akashika ukuni uliokuwa nje ya figa la kushoto, akauvuta. Ulikuwa ukuni wa kawaida. Akavuta wa pili. Huo ulikuwa mzito, mweusi, laini, umebanwa kiuno kwa kushikwa na viganja vya miaka ishirini. Nusu yake ilikuwa kaa jekundu. Nusu nyingine ilikuwa mchi.

Wanawake walitazama ule mchi, kisha sufuria ya ubwabwa juu ya moto, kisha sahani za kwanza ambazo zilikwisha kupelekwa kwa wanaume nje. Mmoja akaziba mdomo, akakimbilia kwenye karo la kuoshea vyombo.

"Jumanne tulichoma kipande, haukuisha," Ummy alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza namna ya kupika. "Mti mgumu. Mama akasema umalizie leo, kuni nyingi zitauficha."

"Ummy!"

"Mama aligonga mara tatu. Ya kwanza Shadya akapiga ukunga. Akagonga tena, Shadya akapiga wa pili, Mama akamtia khanga kinywani. Akaniambia, shangilia wewe mbwa, watu wasije. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akashangilia mwenyewe, ameweka goti juu ya kifua cha Shadya, akamgonga ya tatu."

Sasa Bi Adila alikaa. Alikaa vibaya, mguu mmoja chini yake. "Mlitaka nilee haramu?" aliwauliza wanawake. "Mkunga alisema miezi mitano. Mwanangu karudi miezi minne. Hesabuni wenyewe! Nani hapa angekubali?"

"Mkunga hakusema miezi mitano," Ashatu alisema. "Alisema mwezi wa tano."

"Si yale yale?"

"Hesabu."

Bi Adila alimtazama bila kuelewa.

"Hesabu, mama. Vidole unavyo. Najim amerudi miezi minne na siku. Miezi minne ikiisha, unaingia mwezi wa ngapi?"

Kidole gumba cha Bi Adila kiligusa kidogo. Kikagusa cha pili. Kikagusa cha tatu, cha nne. Kilipofika cha tano kilisimama, kikarudi mwanzo kuanza upya, kana kwamba hesabu ingeona haya na kubadilika. Ubwabwa uliendelea kutokota.

"Daktari ameandika wiki kumi na nane," Ashatu aliendelea. Hakuwa na sababu ya kipelelezi ya kusema lililofuata, lakini alilisema. "Alikuwa wa kiume."

Bi Adila alifungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa yowe wala ukunga. Kilikuwa chembamba, cha juu, kisicho na nguvu, na kilipita kwenye ufa wa meno mapya kikilia.

"Unyende," Bi Sihaba alisema kutoka mikononi mwa Adamu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

* * *

Maelezo yaliandikwa pale pale uani, juu ya mkeka wa hitima. Ummy alitia sahihi. Bi Adila alitia dole gumba, la mkono ule ule. Adamu aliandika kila neno lilivyotamkwa, na neno *ukapigwa* aliliandika kwa herufi kubwa.

"Na langu," Bi Sihaba alisema. Walikuwa wamemketisha kwenye ukingo wa karo.

"Lako tunalo, bibi."

"Hamna. Nilibakiza." Ncha ya khanga ilikuwa tena mikononi mwake. "Kigelegele kikipigwa huitikiwa. Mtu hakiachi peke yake hewani, ni aibu. Jumatatu nilipokisikia, niliitikia. Na wa nyumba ya pili akaitikia. Na huyu, na huyu, na yule wa kona." Alikuwa anaelekeza kidole kwenye mikeka, kipofu, bila kukosea hata mmoja. "Mtaa mzima tuliitikia. Nikapiga viwili, nikaongeza cha tatu. Yule mtoto, khanga kinywani, alitusikia."

Hakuna mwanamke aliyenyanyua kichwa.

"Niandike, afande?" Adamu aliuliza.

"Andika."

"Niandike majina?"

"Yote."

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi Afande Muzammil aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaifuta hati ya mashtaka kwa mistari miwili, mmoja wa Bi Tatu na mmoja wa Najim, akatia sahihi. Dereva wa gari la mahakamani aliambiwa abadilishe abiria.

Ashatu alimtoa Bi Tatu mwenyewe. Wakiwa koridoni alimweleza yote, kuanzia mstari wa tisa hadi mafiga, kwa maneno machache, bila kupamba. Mkunga alisikiliza ameshika ukuta. Ashatu alipofika kwenye mwezi wa tano, Bi Tatu alisimama.

"Ningesema miezi minne," alisema.

"Ulisema sawa."

"Ningesema minne tu, Ashatu. Minne ilitosha."

Habari ilikuwa imewatangulia. Nje ya geti la kituo walikuwa wamejaa wanawake, wengine wametoka moja kwa moja hitimani na mitandio yao myeupe, wengine ni wale wa Jumanne, mikono iliyochinja kuku. Walipomwona Bi Tatu anatokea kwenye ngazi, amesinyaa, anakodolea jua, mmoja alitupa mkono hewani na kupiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Wa tatu, wa kumi, kikajaa barabara yote hadi kituo cha bajaji, kitamu, kimeshikana, hakina mbinja hata moja.

Bi Tatu alirudi nyuma hatua mbili. Kucha zake ziliingia kwenye mkono wa Ashatu.

"Wanamuua nani tena?" aliuliza.